Matone Ndani ya Chachu

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi pale Kinampanda, mwanangu, mwaka niliofiwa na mume wangu. Nilikuwa mwalimu kijana wa baiolojia. Likizo ya msiba ilikwisha, sikurudi darasani. Nilikaa ndani kwa mama mkwe, Mama Kitundu, aliyeishi kwa kuuza mikate.

Mikate ile aliiumua kwa chachu aliyoilea mwenyewe chunguni. Usiku uliopita chungu kilikuwa kimesahauliwa kando ya tanuri, na asubuhi hiyo unga ulilala tu, haukuumuka. Nilifunua chungu, nikatazama, nikamwambia, "Mama, imekufa. Tuimwage."

Hakupandisha sauti. "Wewe ni mwalimu," alisema. "Aliyezimia huzikwa?"

Akakihamishia kivulini, akaongeza unga kidogo na maji ya uvuguvugu, akafunika. Siku hiyo hakuuza kitu. Kesho yake chachu ilikuwa inatoa mapovu. Akaniita nione.

"Imeamka. Nawe nimekuacha ukae, kwa sababu msiba ni mzito. Lakini kukaa kuna mwisho wake, binti. Kusanya nguvu, usigande."

Jumatatu nikarudi shuleni.

Kilichotokea ndani ya chungu kile sikukijua hadi miaka hii ya karibuni, binti yangu Neema aliposomea kuvu. Maana chachu nayo ni kuvu. Alipokuja likizo alimimina mafuta ya alizeti katika bakuli la maji, na mafuta hayo kwetu Singida hayakosekani. Yakajitenga, yakawa matone, bila ukuta wala ngozi ya kuyazunguka.

"Ndani ya seli ya kuvu kuna jambo linalofanana na hili, mama," alisema. "Joto likizidi, au njaa, baadhi ya protini hujitenga na majimaji ya seli, zikakusanyika kama matone. Kazi nyingi hupungua. Hali ikitulia, matone huyeyuka, protini zikarudi kazini."

Nikamuuliza, "Na yasipoyeyuka?"

"Mengine yakikaa mno huwa magumu. Hapo kuyarudisha ni shida." Akaongeza kwamba si matone yote ni ya dhiki, kuvu wenye nyuzi ndefu huyatumia kupanga kazi, hii ifanyike huku, ile kule.

Nikakumbuka lile neno, "usigande." Mama Kitundu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

Basi mwanangu, subira huvuta heri, ila subira si kulala. Dhiki ikikufika, jitenge, punguza shughuli, linda kilicho cha lazima. Hakuna aibu hapo. Joto likipoa, toka urudi kwa watu, hata kama moyo haujapona wote. Na ukimwona mwenzio amekaa kimya, usiseme amekwisha. Msogeze kivulini, halafu umwite kwa jina.

Mungu akupe mahali pa kupumzikia, na mtu wa kukuambia muda umefika.