Mashine Iliyosoma Sifuri

Nilisikia kikohozi cha baba kwenye ngazi kabla sijaona mtu. Tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia. Ukitaka cheka, lakini mimi nilikuwepo, mama alikuwepo, na jua lilikuwa halijazama mtaani kwetu Bugolobi.

Ngoja nianzie mbali kidogo. Baba alikuwa askari kutoka kaskazini, mama ni Mkongomani wa Bunia. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Kabla baba hajafa nilimrekodi kwa simu yangu akisimulia maisha ya kambini Makindye, nikitaka kuandika riwaya. Riwaya haikuja, sauti ikabaki, na kila jioni mama aliisikiliza. Kisha diski ya kompyuta yangu, nilikoitunza, ikaanza kukwaruza. Sikutulia tena. Nikaamua kutafuta seva ndogo ya nyumbani, mashine ya kukaa imewaka usiku na mchana, itunze sauti ile, mama aifungue kwa simu yake. Iwe ya bei yetu, na isile umeme.

Wauza kompyuta za mtumba pale sokoni Nakivubo hawabishani nawe. Wanachomeka kipima umeme ukutani, unasoma mwenyewe. Papa Furaha, Mkongomani mwenye maneno mengi, alianza na dude la ofisi lililonguruma kama kinu cha mahindi: wati tisini.

"Hii itakula mpaka ugali yako, dada."

Akachomeka kijimashine kisicho na feni: wati kumi. Nilikuwa tayari kukichukua, ndipo nikaona kingine nyuma yake, cheusi, bapa. Kikawaka. Kipimo kikasoma sifuri.

"Kipimo imeharibika?"

"Aa, kipimo iko mzima." Akakuna kichwa. "Labda hii iko inafunga, dada. Kwaresima."

Tulicheka, nikaondoka nacho. Nani angeacha mashine isiyokula kitu?

Amini usiamini, rekodi nilizohamishia humo zilianza kutoboka. Urefu wake ulikuwa uleule, ila sentensi moja ilitoweka, kisha nyingine, pakabaki kimya mahali pa maneno. Mama akalaumu masikio yake. Mimi nikawa nanakili upya kutoka diski ya zamani, mpaka nayo ikafa. Jioni ninayokuambia, umeme ulikatika mtaa mzima, na kijitaa cha buluu cha mashine kikaendelea kuwaka. Unaelewa? Kumbe muda wote mashine ilikuwa inakula, ila si umeme.

Hapo ndipo nikasikia kikohozi. Mama akafungua mlango. Mtu mrefu, koti limefungwa hadi shingoni, na uso ambao kila nikijaribu kuukumbuka unaniponyoka. Akasema kwa sauti ya baba:

"Mvua ilitunyeshea mpaka tukasahau rangi ya sare zetu."

Sentensi ile niliijua. Ilikuwa ya kwanza kupotea.

Mama hakupiga kelele. Alikaa, mikono chini ya kitenge. "Karibu, mzee. Endelea kusimulia."

Akaendelea, amesimama palepale. Njaa ya kambini, buti zilizogombaniwa, mbuzi aliyekula kofia ya kamanda. Kila kilichopotea, neno kwa neno. Mama alicheka kwenye mbuzi, machozi yakimtiririka. Mgeni akafika mwisho.

"Sasa niite jina langu," mama akasema.

Mdomo wa mgeni ulifunguka. Hakikutoka kitu. Baba hakuwahi kulitaja jina hilo mbele ya simu yangu, aliona haya.

"Nilijua si wewe," mama akasema taratibu. "Mwanangu, mpe mzigo wake aende."

Nilichomoa waya. Kijitaa hakikuzimika. Mashine ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na mgeni aliponyoosha mikono kuipokea nilifumba macho.

Siku hizi tuna kile cha wati kumi, na umeme wake tunaulipia bila kunung'unika. Lakini bado naamka kukipapasa, nione kama kina joto. Wewe unayetafuta seva ya nyumbani, tafuta ndogo, tafuta ya bei nafuu, ila ikisoma sifuri iache hapohapo mezani. Kitu kinachowaka hakina budi kula, na hutapenda kujua kinakula nini.

Na mama? Chini ya kitenge alikuwa amewasha kinasa sauti cha simu yake. Masimulizi yote yamo, hayajatoboka. Huyasikiliza mpaka mwisho kabisa, ambapo hakuna tena anayesema: ni hatua za mtu anayeondoka, kisha mlango ukifungwa nyuma yake.