Damu ya Ngamia wa Kabambare

Niliondoka Kasongo enzi za Wabelgiji, nikiwa msaidizi wa daktari wa mifugo, kwa sababu ngamia alikuwa anakufa Kabambare. Wenzangu walicheka hadi machozi. Ngamia, Maniema? Lakini mfanyabiashara Salumu alikuwa amemnunua kweli ng'ambo ya ziwa, akamvusha kwa mashua, kisha akamleta kwa miguu, ili mama yake kipofu, Bibi Zena, amguse. Baba yake bibi huyo alitoka pwani, na tangu utotoni alimsimulia habari za ngamia.

Njiani, kijijini Wamaza, nilipumzika kwa wakulima. Hadubini niliifunga nyuma ya baiskeli, nimeiviringishia blanketi langu la pekee. Njia ile bado naiona: mashamba ya mihogo, vumbi jekundu, watu wakiniamkia "jambo muganga" kama ndugu yao. Nikiikumbuka roho huniuma, maana sitaipita tena nikiwa kijana.

Nilifika Kabambare mchana. Ngamia alikuwa amefungwa penye kivuli kizito kando ya kijito, mahali pazuri kuliko pote, maana walimheshimu kama mgeni. Mbavu zilihesabika, ufizi ulikuwa mweupe. Bibi Zena aliegemea shingo yake.

"Muganga, mi namusikia anaisha mu mikono yangu."

Nilimchoma ngamia sikio, nikaweka tone la damu kwenye kioo, nikachungulia. Vijidudu vilijipindapinda humo.

"Mama, iko wadudu mu damu, inamukula. Inzi za kuuma za hapa ku kijito njo zinaileta. Nitamupiga shindano ya dawa, lakini akibakia hapa, atashikwa tena. Apande kule ku kilima, kwenye hakuna miti."

Salumu akainama. Miguu ya mama yake isingeweza kilima kile.

"Mumupeleke," Bibi akasema. "Mimi nimeisha kumushika."

Nilirudi Kasongo nimejaa huzuni, ingawa dawa ilikuwa imeanza kufanya kazi.

Mvua zilipokatika nilitumwa tena kupima damu ya ngamia. Kabla sijashuka baiskeli, niliona watu wakipanda kilima na kipoyi, kile kiti cha kubebwa mabegani ambacho tulizoea kumwona Mzungu tu amekikalia. Salumu alibeba mti wa mbele. Kitini alikaa mama yake.

Juu, alimpapasa ngamia shingo, kisha mbavu, polepole.

"Amenona," akasema, akalia.

Tangu siku hiyo sijawahi kuwa na haraka mbele ya mnyama wa mtu. Pale kilimani niliiacha hadubini ndani ya blanketi, nikangoja zamu yangu.