Chaja Iliyotengenezwa Kimyakimya

Mama Vifaranga alikuwa na mume fundi na nyumba mbovu. Asiyeolewa na fundi anaweza kudhani hayo mawili hayakai pamoja. Redio za watu, pasi za watu, feni za watu, zote zilitoka mikononi mwa mumewe zikiwa nzima. Vitu vya nyumbani viliahidiwa kesho, na kesho yake vikaahidiwa kesho nyingine, mpaka mkewe akambandika jina la Fundi Kesho. Naye akawa anaitika bila haya.

Mlango wa jikoni ulikuwa haufunguki mpaka upigwe bega. Bega la Mama Vifaranga lilikwisha kuzoea, lakini mdomo wake haukuzoea. Hata hivyo, kilichomtia wazimu hasa ni chaja ya betri. Zamani vibanio vyake vilikatika, na fundi akaviunga harakaharaka huku mteja akimsubiri mlangoni. Nyaya zote mbili zilikuwa nyeusi, basi akaunga kibanio chekundu kwenye waya wa hasi na cheusi kwenye waya wa chanya. Alipopima akaliona kosa lake, akasema atavigeuza kesho. Miaka ikapita. Mkewe akachoka kungoja, akaukariri ubovu ule ulivyo: chekundu kwenye alama ya kutoa, cheusi kwenye alama ya kujumlisha. Siku hizi alikuwa akibana bila hata kutazama, huku akilaani.

Betri hiyo ndiyo iliyoendesha mashine yake ya kutotolesha vifaranga umeme ulipokatika, na umeme ulikatika ulivyotaka. Safari hii mashine ilikuwa imebeba roho yake. Kideri kilikuwa kimepita bandani na kufagia kuku wote, wale wenye shingo tupu aliopewa mbegu yao na marehemu mama yake. Yaliyosalia ni mayai aliyoyaweka mashineni kabla ugonjwa haujaingia. Yakiharibika hayo, mbegu ya mama imekwisha, na hakuna pa kuipata tena.

Siku ya kutotoa ilipofika, umeme ukakatika tangu alfajiri. Betri ikahimili mpaka ikaanza kuchoka. Umeme uliporudi, Mama Vifaranga alikuwa ndiyo kwanza anaingia na mfuko wa chakula cha vifaranga, na jirani aliyekutana naye njiani alikuwa amemwambia kwamba alasiri utakatika tena. Akautua mfuko, akachungulia mashine. Mayai kadhaa yalikwisha kutoboka, na midomo midogo ilionekana. Akakimbilia chaja. Macho yakiwa bado kwenye mayai, mkono ukafanya ulichozoea: chekundu kwenye kutoa, na cheusi kwenye kujumlisha.

Kibanio cha pili kilipogusa tu, cheche zikaruka. Chaja ikalia pwa, ikatoa moshi, ikanyamaza.

Fundi aliingia mbio kutoka barazani, bisibisi mkononi. Akaitazama betri, akamtazama mkewe, akakaa chini. Ikabidi aseme. Mkewe alipokwenda dukani, yeye alikuwa amevigeuza vibanio. Sasa chekundu kilikuwa chanya, kama kwenye chaja za watu wote.

"Kwa nini hukuniambia?" mkewe akauliza.

"Kila siku unasema hakuna ninalomaliza. Nikataka ulione mwenyewe."

Akavipindua vibanio ili mkewe aone ubavu wake. Kila kimoja kilikuwa na alama yake, ya kujumlisha au ya kutoa, kwa rangi nyeupe, kubwa, mbichi bado. Mama Vifaranga alikuwa amevishika vyote viwili kwa mkono wake na hakuziona. Hasira zikampanda, lakini akakosa pa kuzipeleka. Amtukane mtu kwa kufanya jambo alilotukanwa miaka yote kwa kutolifanya?

Umeme ukakatika kweli, alasiri haijafika. Betri ikasukuma kidogo, kisha taa ya mashine ikafifia na kuzimika. Fundi akawasha jiko la mkaa uani na kuchemsha maji. Mkewe akayatia kwenye chupa, akazifunga kanga, akazipanga kandokando ya mayai na kufunika mashine kwa blanketi la kitandani. Chupa zikipoa, fundi anabeba, anajaza, anarudisha. Maji yalimuunguza vidole mara kadhaa, naye hakusema kesho. Mama Vifaranga alisikia vizuri asivyosema, na hilo nalo likamuudhi, maana lilimfanya amwonee huruma.

Jua lilipoanza kushuka, kifaranga wa kwanza alijisukuma nje, amelowa, shingo tupu. Wakafuata wengine. Si mayai yote yaliyototoa, lakini mbegu ilikuwapo, inalia, inakanyagana. Mama Vifaranga akaketi sakafuni na kulia pia. Fundi akaweka chupa nyingine pale pale, asijue kama anaruhusiwa kufurahi.

Mwishowe mkewe akafuta uso, akaenda jikoni kutafuta kisahani cha kunyweshea wageni wale. Akaukabili mlango kama miaka yote, akajipinda, akautia bega kwa nguvu zake zote.

Mlango ukafunguka kama pazia. Akaingia nao mzima mzima, akapita meza, akaenda kukomea kwenye gunia la mkaa. Akabaki pale, mikono myeusi, akitazama bawaba mbili mpya zinazong'aa kwa mafuta.

"Fundi," akaita, na safari hii hakuongeza lile Kesho. Mumewe akachungulia taratibu. "Njoo unitembeze nyumba nzima, unionyeshe vyote ulivyotengeneza leo, kabla havijaniua."