Mkato Niliouongeza Kwenye Jiwe la Mzee Declan

Anayedhani nimetunga haya aje Penrith, huku ugenini, akae nami jikoni, anitazame machoni nikisimulia. Sikuota, sikulewa. Tena ilikuwa saa nane mchana, jua linachoma.

Nilikuwa namtunza mzee wa Kiayalandi, Mzee Declan, ambaye miguu ilishamwishia nguvu. Kazi niligawana na rafiki yangu Wanjiru: mimi siku za wiki, yeye wikendi. Nyuma ya nyumba, karibu na kamba ya nguo, lilisimama jiwe la kunifika kifuani. Baba yake mzee alilileta kwa meli kutoka shambani kwao. Ukingo wake mmoja ulijaa mikato, mirefu na mifupi, juu hadi chini.

Sasa niambie, wewe uliyekulia kwetu, ungefikiri nini? Mimi nilifikiri ni jiwe la kunolea. Kwetu kila boma lina jiwe lililolika hivyo kwa panga. Krismasi ilikuwa kesho yake, nyama ya mbuzi inanisubiri, na kisu butu. Nikanoa palepale, nikakaza mkono, hadi ukingoni pakaingia mkato mpya, mweupe.

Kuinua kichwa, mtu amesimama upande wa pili wa jiwe. Geti sikulisikia. Koti lake zito lilichuruzika maji, na mvua hatukuwa tumeiona wiki tatu. Alipapasa mikato kwa kidole gumba, mmoja mmoja, midomo ikicheza kama mtoto anayejifunza kusoma. Akaufikia wangu. Kidole kikasimama.

"Nani ameukata huu?"

Niamini, sikumwogopa yeye. Niliogopa kazi, maana viza yangu ilining'inia hapo. Nilidhani ni ndugu wa mzee, atanishtaki.

"Ni Wanjiru," nikasema. "Yule wa wikendi."

Akalirudia jina taratibu, akalitamka vizuri kabisa. Nilipogeuka kuficha kisu na kutazama tena, hayupo. Pale alipokuwa, saruji ilikuwa imelowa.

Nilipomsimulia Mzee Declan, alianza kulia. Akasema yale ni majina ya wafu, na kila mkato lazima upate mwenyewe. Akaniuliza nilitaja jina gani. Nikatoka nje na simu.

Nikampigia Wanjiru. Nilitaka kumwambia nimemsingizia. Nikaishia kumwambia ajihadhari.

"Wee, nini mbaya na wewe leo?" akacheka. "Niko kwa train, nakuja. Usimalize mbuzi!"

Treni ilipofika Penrith walimkuta kitini, amekufa, sweta lake linachuruzika maji.

Kazi ile niliiacha. Kila Krismasi mama yake hunipigia kunishukuru kwa kuwa dada kwa bintiye ugenini. Kila Krismasi najiandaa kumweleza, kisha nasema, "Asante, mama," nakata simu, nalia.

Kwa hiyo ukikuta jiwe lenye mikato, liache. Na kama umeshalitia kisu, ukiulizwa, taja jina lako. Mimi sikulitaja langu, ndiyo maana niko hai kukusimulia.