Mbasa wa Fulana za Kwaya

Wiki yangu ya majaribio kwenye duka la uchapishaji pale Mbinga mjini ilimtegemea samaki mmoja. Akina mama wa kwaya kutoka Ngumbo, kule ziwani, walitaka mbasa kifuani mwa fulana zao, na dada mwenye duka aliniambia waziwazi: "Wakimpenda, unabaki. Wakimkataa, unarudi kwenu Mbuji ukachume kahawa." Kahawa siichukii. Tatizo ni kwamba baba alikwisha kuwatangazia majirani, baada ya misa, kuwa mwanawe ana ofisi.

Chuoni nilisoma mambo mengine kabisa. Kuchora mstari uliopinda kwa kalamu ya kompyuta nilifundishwa na huyo dada, huku anakula muhogo. Unabofya, unaweka nukta. Unabofya mbele kidogo, ila huachii. Unavuta, kijiti kinachomoza kwenye nukta, na mstari unajipinda kufuata mkono wako. Basi. Mimi nikauliza: nivute kiasi gani? Nukta ya pili iwe wapi? Nikikosea je?

"Utakosea," alisema, "halafu utafuta."

Jibu hilo halikunituliza. Kila nilipoweka nukta niliona ni salama kuongeza nyingine karibu yake, iisaidie. Mgongo wa mbasa ukajaa vinundu na mabonde. Dada alikuja kusimama nyuma yangu, akamaliza kutafuna kwanza.

"Hili ni shamba la ngoro, matuta na mashimo matupu," akasema. "Samaki kajificha shimo lipi?"

Nikafuta. Nikaanza upya kwa nukta chache, nikivuta taratibu huku nimebana pumzi, na safari hii mistari ikateleza vizuri. Nilikuwa bado najisifu kimoyomoyo wakati akina mama watatu wa kwaya walipoingia kukagua kazi kabla ya kushuka ziwani.

"Shikamooni."

"Marahaba, binti. Tuonyeshe samaki wetu."

Niliwageuzia kioo cha kompyuta. Kiongozi wao akavaa miwani, akaivua.

"Mwanangu, pole na msiba."

"Msiba gani, mama?"

"Kwani huyu si marehemu?"

Wenzake wakaangua kicheko. "Kakaushwa kabisa!" mmoja akasema. "Tumbo limeingia ndani, mdomo wazi. Binti, umemwona wapi samaki wa hivi?"

Nilimwona sokoni hapahapa Mbinga, kwenye mafungu ya samaki wakavu, ambako nimewaona karibu samaki wote wa maisha yangu. Nilikuwa nimechora kwa uaminifu mkubwa kile nilichokijua.

"Watu wa milimani!" kiongozi akasema. "Mnadhani hata ziwani wanaogelea hivyohivyo, wamekauka." Akaweka mkoba chini, akanyoosha mikono mbele na kuzungusha kiuno, pale kati ya mashine ya fotokopi na maboksi ya karatasi, kunionyesha mbasa anavyokwenda. Wenzake wakampigia makofi.

Sikupata nafasi ya kuwaza. Nilikamata kile kijiti kinachochomoza kwenye nukta, nikakivuta chini, na tumbo likajaa. Nikavuta kingine, mkia ukageuka. Mdomo nikaufunga.

"Haya, sasa kapumua," mama akasema. "Mchapeni upesi, huyu binti asije akamwanika tena."

Walipoondoka, dada akaanza kuandaa fulana. Hilo lingeweza kuwa na maana nyingi, na nilikwisha kuzipitia zote mbaya nilipopata ujasiri wa kuuliza kama kesho nije.

"Kwaya ya Mbamba Bay wakiziona hizi, na wao watataka," alijibu. "Usipokuja, nani atawachorea?"

"Kwa hiyo, hiyo ni ndiyo, dada?"

Akanitupia fulana ya kwanza, ingali na joto la mashine.

"Kunja," akasema.