Mlinzi wa picha aliyemkana mwenzake akiwa ndani ya koti la haradali

BUFFALO. Saa nne kamili asubuhi milango inafunguliwa, na Verlene Tibbs tayari yuko mahali pake: ukumbi namba saba, hatua moja kutoka ukutani. Kuegemea hakuruhusiwi. Mikono ameifunga nyuma, redio koli inaning'inia kiunoni, na koti la kazi la buluu linamwasha shingoni kama siku zote.

Mzee mmoja mwenye miwani minene anasogelea picha ya mwanamke anayemenya njegere dirishani. Anasogea, anazidi kusogea, pua inakaribia kugusa rangi.

"Baba, rudi hatua moja," Verlene anamwambia kwa upole. "Mama huyo ana miaka mia moja na thelathini. Pumzi za watu zinamchosha."

Mzee anacheka, anarudi nyuma, anaendelea na ukumbi namba nane. Hakumtazama usoni.

Ndivyo anavyofanya Verlene siku tano kwa wiki, mwaka wa kumi na tisa sasa, katika jumba hili la sanaa, kwa dola kumi na saba na nusu kwa saa. Ana umri wa miaka hamsini na minane na magoti yanayotabiri theluji vizuri kuliko redio.

"Watu huniuliza choo kiko wapi huku wakilitazama koti langu," anasema. "Nilizoea. Au nilidhani nimezoea."

Lakini nyumbani kwake, ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao upande wa mashariki wa mji, kipo chumba ambacho hata tajiri angesimama mlangoni akashangaa.

Kilikuwa chumba cha mwanawe, Renard, kabla hajahamia mji wa Charlotte. Sasa mabomba mawili ya chuma yamepita kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake yametundikwa mavazi arobaini na matatu. Kuna gauni la hariri ya kijani la mbunifu wa Paris. Kuna sketi ya mahameli iliyoshonwa Milano, suti nyeupe isiyo na kola, na joho jeusi ambalo mikono yake hufunguka kama mabawa.

Hakuna hata moja alilolinunua jipya. Yote ni mitumba. Ameyaokota katika mauzo ya vitu vya marehemu, katika vyumba vya chini vya makanisa, na katika duka moja la hisani, linalouza vitu vilivyotolewa sadaka, ambalo muuzaji wake humpigia simu akiona lebo asiyoweza kuitamka. Mengi aliyapata yameliwa na nondo au yamefumuka, akayashona mwenyewe kwa cherehani ya mama yake.

Mama huyo, marehemu Odessa, alipiga pasi miaka thelathini katika duka la dobi. "Alikuwa akiligeuza gauni la tajiri ndani nje," Verlene anakumbuka. "Ananiambia, 'Usinitazamie mbele, mbele kila nguo ina maneno mazuri. Nitazamie bitana.'"

Na kila vazi lina picha yake kule jumba la sanaa. Mtu akisimama kwa saa nane mbele ya rangi zilezile, anasema, rangi humwingia mwilini. Basi yeye hutafuta nguo ya kuzipokea. Kwenye kila kitundikio amefunga kadi ndogo ya picha iliyomfanya alinunue vazi hilo.

Jumapili baada ya kanisa huchagua vazi moja. Hulivaa, huegemeza kadi yake kwenye kopo la sukari jikoni, na hunywa kahawa akiitazama. Hakuna anayemwona.

"Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yangu," anasema. "Wenzangu kazini sikuwaambia. Nilijua wangesema Verlene anajidai. Niliona haya. Basi nikawaficha wenzangu mavazi yangu, halafu ikafika siku nikawaficha wageni kazi yangu."

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi ya tatu ya Oktoba iliyopita. Verlene alikuwa na mapumziko, na maonyesho mapya yalikuwa yamefunguliwa. Alitaka mara moja maishani ayaone kama mgeni, bila redio kiunoni. Alivaa koti la sufu la rangi ya haradali, kola pana, bitana ya zambarau. Ni koti alilolinunua kwa ajili ya yule mwanamke wa njegere, kwa hiyo alianza kwa kupita ukumbi namba saba kumwamkia.

Hapo ndipo aliposimamishwa na Bi. Lenore Hatherly, mmoja wa wafadhili wa jumba.

"Samahani. Koti kama hilo nimeliona vitabuni tu. Ni lenyewe?"

"Ni lenyewe," Verlene alijibu.

"Na ulilipata wapi?"

"Katika vitu vya mtu aliyefariki." Na haukuwa uongo.

"Kumbe na wewe ni mkusanyaji!"

Verlene angeweza kucheka na kusema yeye ni nani. Alifungua kinywa kusema hivyo, anaapa. Kilichotoka ni, "Nakusanya kidogo."

Wakasimama mbele ya picha wakazungumza dakika ishirini. Verlene alimwonyesha mahali ambapo mchoraji alibadili mawazo kuhusu mkono wa kushoto, na akamweleza jinsi mwanga wa saa kumi jioni unavyolifanya bakuli la njegere lionekane kama linajaa. Bi. Hatherly aliitikia kila neno kwa kichwa.

"Alinisikiliza," Verlene anasema, na bado kuna mshangao sautini. "Miaka yote hiyo nasimama pale, hakuna aliyewahi kuniuliza naiona vipi. Na yule mama amenipita mara ngapi! Mimi namjua hadi mikoba yake. Yeye hakunijua."

Bi. Hatherly akamwalika chai katika chumba cha wanachama, ghorofa ya tatu, pamoja na marafiki zake wawili. Verlene akakubali.

Mlangoni pa chumba hicho alikuwa amesimama Casimir Dudek.

Casimir, mwenye umri wa miaka sitini na sita, ndiye aliyempokea Verlene wiki yake ya kwanza na kumfundisha kusimama kutwa bila kuvunjika kiuno. Kila Ijumaa alimletea pierogi, vimaandazi vya kuchemsha vyenye viazi ndani, alizopika mkewe, Halina, zikiwa bado na moto ndani ya taulo. Odessa alipofariki, Casimir alizishika zamu za Verlene siku nne mfululizo juu ya zake mwenyewe, na hakutaka hata kushukuriwa.

"Aah, Verlene!" aliita, uso wote umemkunjuka. "Dada, umetokelezea! Nani kafa akakuachia urithi?"

Wanawake watatu wakageuka kumtazama Verlene.

"Nadhani umenifananisha, bwana," Verlene akasema.

Anapofika hapa katika kusimulia, anasimama kwanza. Anaenda kuzima jiko ambalo halijawashwa.

"Hata sauti haikuwa yangu," anasema akirudi kukaa. "Niliitoa puani."

Casimir alimtazama. Tabasamu lilimtoka polepole, kama mtu anayevua kofia. "Samahani, mama," akasema. "Nimekufananisha." Kisha akawafungulia mlango, akaushikilia mpaka wote wanne wakapita.

"Angenitukana ningepona," Verlene anasema. "Alinifungulia mlango."

Ndani, mmoja wa wale marafiki alinung'unika kwamba walinzi wa siku hizi wamekosa adabu, wanawaita wageni dada na kuwatania vifo. Verlene alikata keki yake vipande vidogo vidogo.

Jumatatu lalamiko lilikuwa mezani kwa mkuu wa walinzi, Orrin Pettway. Casimir akapewa onyo la maandishi na kuhamishiwa geti la nyuma, malori yanakopakulia, ambako upepo wa ziwa hauna wa kuuzuia. Ilikuwa imebaki miezi mitano astaafu.

Angeweza kujitetea kwa kutaja jina moja tu. Hakulitaja.

"Ningesema nini?" Casimir aliniuliza nilipomtembelea kwake. "Nikisema yule ni Verlene, watamfukuza kwa kujifanya mgeni wa wanachama. Nikasema nimekosea mtu. Nikarudi nyumbani nikampigia Halina kelele kwa sababu ya supu. Supu haikuwa na kosa lolote."

Verlene alilijua onyo hilo siku ileile. Habari katika chumba cha walinzi haipandi ngazi, inaruka. Alinyamaza. Alinyamaza siku kumi na moja. Chakula cha mchana alikula ndani ya gari lake, ameliegesha mahali asipoweza kuliona geti.

Siku ya kumi na moja theluji ya kwanza ilianguka. Akishuka ngazi za nyuma alimwona Casimir kupitia kioo: ndevu zimeganda, anafuta pua kwa glavu, na bado anamsalimu kila dereva wa lori kwa jina lake.

Kila dereva kwa jina lake. Verlene alikaa kwenye ngazi kwanza. Kisha akapanda hadi ofisini kwa Pettway.

"Dudek hakumfananisha mtu," akasema.

"Unasema?"

"Yule mwanamke wa koti la haradali alikuwa ni mimi."

Pettway alimwangalia kuanzia viatu vya kazi hadi usoni. "Wewe? Koti kama lile ulilitoa wapi?"

"Bosi, ndilo unaloniuliza hilo?"

Onyo la Casimir lilifutwa, naye akarudishwa ghorofa ya tatu. Verlene alisimamishwa kazi wiki mbili bila malipo, na anasema hakuna adhabu aliyowahi kuipokea kwa hamu kama ile. Alimwandikia Bi. Hatherly barua, akamweleza kila kitu, hata duka la hisani anakopata mavazi, akamwomba awasomee na marafiki zake wawili. Jibu lilikuwa mistari miwili: amesikitika, na je, lile duka la hisani liko mtaa gani?

Desemba Bi. Hatherly alipita ukumbi namba saba. Safari hii alimtazama mlinzi usoni. Akawa mwekundu hadi masikioni, akainamisha macho, akapita.

"Nilimhurumia," Verlene anasema. "Nadhani alikuwa anahesabu mara zote alizonipita."

Walinzi wenzake hawakumhurumia hivyo. Kwa mwezi mzima kila alipoingia chumba cha kubadilishia nguo mtu alishika mlango na kuinama. "Karibu, bibi mkusanyaji! Tukuletee chai, au umetufananisha?" Wazee wa Kiswahili walikwisha kusema, mkataa kwao mtumwa, na Verlene hahitaji kuijua methali hiyo ili imchome.

Casimir hakumtania. Hilo lilikuwa baya zaidi. Verlene alimfuata kwenye makabati siku aliyorudi kazini.

"Kaka Caz, nisamehe."

"Nilikusamehe palepale mlangoni."

"Mbona huniangalii, basi?"

Casimir alifunga kabati lake, akalijaribu kama limefungika. "La mlangoni nalielewa. Ulimi huteleza. Lakini zile siku kumi na moja, Verlene, hukuwa unateleza. Ulikuwa umekaa."

Tangu hapo humsalimu kila asubuhi, kwa adabu kamili. Pierogi za Ijumaa haziji tena.

Mavazi bado yapo, yote arobaini na matatu. Verlene alifikiria kuyauza, akaona kwamba huko kungekuwa kuzisingizia nguo kosa lisilo lao. Jumapili huendelea kuvaa, lakini anasema akijitazama kwenye kioo husikia ile sauti ya puani, na siku nyingine huvua kabla kahawa haijapoa.

Casimir anastaafu mwisho wa mwezi Machi. Kwa Jumapili inayofuata, Verlene ameandika mialiko kwa mkono: kwa walinzi tisa wa zamu yake, na kwa Casimir na Halina. Atapika sukuma wiki kwa shingo ya bata mzinga iliyokaushwa kwa moshi, makaroni ya jibini, na kuku wa kutosha kumfunga mtu mdomo. Baada ya kula atawafungulia kile chumba. Hakuna mtu wa kazini aliyewahi kukanyaga humo.

"Na watagusa," anasema. "Wavue viatu, wajaribu wanachotaka, waume kwa wake. Kutwa kazi yetu ni kuwazuia watu kugusa. Siku hiyo nataka waguse mpaka wachoke."

Ameshaanza kuachia mishono ya lile joho jeusi ili limwenee mlinzi mmoja wa ukumbi namba mbili, mwanamke mwenye mabega mapana na mdomo mkali kuliko wote waliomcheka.

Wote tisa wamekubali. Casimir hajajibu. Nilipomuuliza, alikoroga kahawa yake kwa muda mrefu, ingawa hatumii sukari.

"Halina ameshachagua viatu vya kwenda navyo," akasema. "Mimi bado."

Nilimpelekea Verlene jibu hilo. Alikuwa mezani kwa cherehani, pini tatu mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichoma kwenye kimto cha pini.

"Asiharakishwe," akasema. "Miaka kumi na tisa nimelipwa kusimama na kungoja. Huyu nitamngoja bure."