Babu wa Langoni

Nakwangua barafu ya friji hapa Doha, na ile harufu ya baridi imenirudisha kwenye mji wa theluji ambako mama alisomea uuguzi. Kila asubuhi tulitembea kwenda kununua maziwa, skafu zimetufunika hadi puani. Langoni kwa jirani alisimama mtu wa theluji mwenye kofia. Mimi nikadhani ni mzee.

"Shikamoo, babu," nilisema kila tulipopita.

"Marahaba, mjukuu wangu," ilijibu sauti nzito kutoka ndani ya skafu ya mama.

Siku alipoyeyuka nililia sana.

"Usilie," mama akasema. "Babu katangulia nyumbani."

Friji nimeizima, nyumba iko kimya. Nimeliamkia donge la barafu lililo kiganjani, na bado nasikiliza.